Agosti 27: Bandari tatu zilizotikiswa na mizinga ya manowari

MSOMAJI mpendwa, ukiitazama kalenda iliyotundikwa ukutani kwako, tarehe 27 Agosti haina alama yoyote. Kwetu si sikukuu ya taifa wala ya dini. Watu huamka siku hiyo wakaenda mashambani, sokoni na maofisini kama kawaida, na jua likichwa siku husahauliwa kama nyingine nyingi zilizopita.

Hata hivyo, wapo wanaoikumbuka tarehe hiyo, nao ni wale wanaosoma historia ya manowari na vita vya baharini. Katika muda wa miaka 86, kati ya mwaka 1810 na mwaka 1896, tarehe hiyo hiyo ilizikuta bandari tatu za Afrika zikiwa ndani ya moshi wa baruti. Ya kwanza ni Grand Port, katika kisiwa cha Morisi. Ya pili ni Algiers, katika pwani ya kaskazini ya bara letu. Ya tatu ni bandari yetu wenyewe ya Unguja.

Sisemi kwamba tarehe hiyo ina uchawi. Kuangukia kwake siku moja ni sadfa tu. Lakini mambo matatu yakiwekwa bega kwa bega huwa kila moja linalimulika jingine, na mtu huona jambo ambalo asingeliona kwa kulitazama moja peke yake. Swali ninalotaka tulitazame pamoja leo ni hili: mizinga inaponyamaza, ni nani anayeishika saa ya kupimia vita, na ni nani anayewahesabu waliokufa?

GRAND PORT, 1810

Mwaka 1810 kisiwa cha Morisi kiliitwa Ile de France, nacho kilikuwa mikononi mwa Wafaransa. Napoleon alikuwa akipigana na Waingereza huko Ulaya, na cheche za vita vile ziliruka hadi Bahari ya Hindi. Merikebu za Kifaransa zilitoka katika bandari za kisiwa hicho kwenda kuzivizia merikebu za biashara za Waingereza zilizokuwa zikipita kwenda na kutoka Bara Hindi.

Kisiwa chenyewe kilistawi kwa jasho la watumwa. Wengi wao waliletwa kutoka Madagaska, Msumbiji na pwani yetu ya Afrika Mashariki. Mwaka 1776 mfanyabiashara wa Kifaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa ili auziwe watumwa 1,000 kila mwaka. Kwa hiyo, msomaji, usidhani kwamba habari za Grand Port ni habari za ugenini. Yamkini miongoni mwa walioisikia mizinga ile huku wameinama mashambani, walikuwamo watu waliozaliwa katika nchi zilizo nyuma ya Kilwa.

Tarehe 13 Agosti Waingereza walikiteka kisiwa kidogo kiitwacho Ile de la Passe, kilicho kwenye lango la bandari ya Grand Port. Wakaiacha bendera ya Kifaransa ipepee juu ya ngome ili kumhadaa adui. Siku saba baadaye zikatokea merikebu za Kifaransa zikiongozwa na Kapteni Guy-Victor Duperré. Alipoitambua hila ile alikuwa tayari mlangoni. Akaamua kupenya chini ya mizinga, akaingia na kutia nanga ndani ya bandari, mahali palipokingwa na miamba.

Jioni ya tarehe 23 manowari nne za Kiingereza, Sirius, Néréide, Iphigenia na Magicienne, zikaingia kumfuata. Kilichowashinda Waingereza si mizinga ya Wafaransa peke yake. Bahari yenyewe ilipigana nao. Maji ya bandari ile yamejaa miamba ya matumbawe iliyojificha, na njia za kupita katikati yake ni nyembamba. Mvuvi wa pwani yetu halihitaji somo hili. Anajua kwamba chombo kikubwa kinachoingia mahali bila mjuzi wa mahali hupanda mwamba. Sirius ikapanda mwamba. Magicienne nayo ikapanda. Néréide ikabaki karibu peke yake mbele ya mizinga ya adui, ikapigwa jioni ile na usiku. Kati ya watu 281 waliokuwamo, zaidi ya 200 waliuawa au kujeruhiwa, na nahodha wake, Nesbit Willoughby, alipoteza jicho moja.

Sirius na Magicienne zilichomwa moto na mabaharia wake wenyewe zisije zikaangukia mikononi mwa adui. Iphigenia ikajikokota hadi Ile de la Passe, risasi zake zikiwa zimekaribia kwisha. Ndipo tarehe 27 Agosti zikatokea manowari nyingine za Kifaransa chini ya Hamelin, zikaziba njia ya kutokea baharini. Waingereza hawakuwa na la kufanya ila kusalimu amri. Jina la Grand Port limechongwa katika tao kuu la ushindi mjini Paris, nalo ndilo jina pekee la ushindi wa baharini wa zama za Napoleon lililomo humo.

Makapteni wawili waliojeruhiwa, Duperré na Willoughby, walilazwa na kuuguzwa katika nyumba moja karibu na mji wa Mahébourg. Nyumba hiyo leo ni jumba la makumbusho, na wageni huelezwa habari hiyo kama mfano wa uungwana kati ya maadui.

Uungwana huo ulikuwa na mipaka yake. Desemba 1810 Waingereza walirudi na jeshi kubwa, wakakitwaa kisiwa na kukirudishia jina la Mauritius. Walowezi wa Kifaransa wakaachiwa sheria zao, dini yao, lugha yao na mali yao. Katika mali hiyo walihesabiwa pia watumwa. Mtu aliyetoka Kilwa alilala usiku akiwa mtumwa chini ya bendera moja, akaamka akiwa mtumwa chini ya bendera nyingine, na alisubiri hadi Februari 1835 kabla utumwa haujafutwa kisiwani humo.

ALGIERS, 1816

Miaka sita kamili baada ya siku ile aliyofika Hamelin, jua la tarehe 27 Agosti lilichomoza mbele ya mji wa Algiers. Kwa karne kadhaa manowari za mji huo zilikuwa zikiteka merikebu za Wazungu katika bahari ya Mediterania na kuwafanya mabaharia na abiria wake watumwa. Baadhi yao walikombolewa kwa fedha na wengine walikufia utumwani. Mtawala wa Algiers aliitwa Dey, na wakati huo aliyekuwa madarakani ni Omar Agha.

Uingereza ikampeleka Admirali Lord Exmouth na kundi la manowari, nazo zikafuatana na manowari sita za Waholanzi chini ya Admirali van Capellen. Exmouth akatuma barua ufukweni akitaka utumwa wa Wakristo ukomeshwe na walio utumwani wafunguliwe. Muda aliouweka ukapita bila jibu. Akaisogeza merikebu yake kubwa, Queen Charlotte, yenye mizinga 100, hadi karibu kabisa na gati lenye ngome, akatia nanga.

Inasimuliwa kwamba gatini palikuwa na umati uliokuja kutazama, na kwamba Exmouth alisimama sitahani akiwapungia kofia kuwaashiria waondoke. Mizinga ilianza kuvuma kiasi cha saa 9 alasiri, haikutulia hadi usiku. Merikebu za wakati ule zilikuwa za mbao na matanga, na ili mizinga yake ifanye kazi sawasawa ilizibidi zisogee karibu, mahali ambapo mizinga ya ngome nayo ilizifikia. Ndiyo sababu washambulizi nao walilipa. Hesabu zao zimeandikwa kwa ukamilifu: Waingereza 128 waliuawa na 690 walijeruhiwa; Waholanzi 13 waliuawa na 52 walijeruhiwa.

Na watu wa Algiers je? Hapa, msomaji, kalamu za waandishi zinalegea. Kila mmoja ana makadirio yake, na makadirio hayo yanatofautiana kwa maelfu. Merikebu zao ziliungua bandarini, na nyumba zao zilibomoka. Waliokuja gatini kutazama hawakuandikwa popote kwa majina.

Siku iliyofuata Dey alikubali masharti, na watumwa wa Kikristo zaidi ya 1,000 wakafunguliwa. Kuwafungua watu minyororo ni jambo jema, awe aliyefungwa ni mweupe au mweusi, na haitupasi kulibeza. Lakini ukweli una nusu ya pili. Mwaka ule ule wa 1816, katika makoloni ya Uingereza yenyewe, maelfu kwa maelfu ya Waafrika walikuwa wakikata miwa chini ya viboko. Sheria ya kufuta utumwa katika makoloni hayo haikuanza kutumika hadi Agosti 1834. Hakuna aliyepeleka manowari kupiga makasri ya mabwana wa mashamba yale ya miwa.

Mwaka 1830 manowari za Ulaya zilirudi tena Algiers, safari hii zikiwa za Kifaransa, zimebeba jeshi zima la kuivamia nchi. Aliyeziongoza alikuwa Admirali Duperré, yule yule kapteni aliyelala akiuguzwa kule Mahébourg miaka 20 iliyotangulia. Algiers ilianguka tarehe 5 Julai 1830. Waaljeria waliisubiri siku ya uhuru wao hadi Julai 1962, baada ya vita vilivyodumu zaidi ya miaka saba. Mizinga ya mwaka 1816 ilikuwa imekwisha kuwaonyesha wengine kwamba lango la mji ule laweza kuvunjwa kutoka baharini.

UNGUJA, 1896

Sasa tugeukie nyumbani. Tangu Exmouth aipige Algiers hadi siku tunayoifikia sasa ilipita miaka 80 kamili, na katika miaka hiyo manowari zilibadilika. Tanga liliachia nafasi mvuke, mbao zikaachia nafasi chuma. Gololi la chuma lisilopasuka likaachia nafasi kombora linalopasuka, linalofyatuliwa na mzinga wa kupiga upesi upesi. Tofauti hiyo ikumbuke, maana ndiyo itakayotueleza mengi.

Tangu mwaka 1890 Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza. Sultani alibaki katika kasri lake na bendera yake nyekundu ilipepea, lakini hakuna mrithi aliyeruhusiwa kukalia kiti bila ridhaa ya balozi wa Uingereza. Tarehe 25 Agosti 1896, kabla ya adhuhuri, Seyyid Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla, na uvumi wa sumu ukaenea mjini. Kabla maiti haijazikwa, binamu yake, Seyyid Khalid bin Barghash, aliingia kasrini na watu wake, akajitangaza kuwa Sultani. Mizinga ya heshima ikapigwa. Waingereza walikuwa na mtu wao, naye ni Seyyid Hamoud bin Muhammad.

Balozi aliyekuwapo, Basil Cave, alimwonya Khalid aondoke. Khalid akakataa. Alikuwa mwana wa Seyyid Barghash, na aliamini kwamba kiti kile ni haki yake. Wakakusanyika upande wake watu wapatao 2,800. Miongoni mwao walikuwamo askari, raia, watumishi wa kasri na watumwa. Walikuwa na bunduki, mizinga michache ya ufukweni na bombomu kadhaa. Upande wa pili, msomaji, hawakuwapo Waingereza peke yao. Askari wa Kizanzibari wapatao 900, wakiongozwa na afisa wa Kiingereza, walisimama tayari kupambana na ndugu zao.

Khalid alikuwa pia na chombo kimoja cha vita, Glasgow. Seyyid Barghash aliagiza chombo hicho kiundwe Uskochi mwaka 1878, baada ya ile tufani kuu ya mwaka 1872 kuangamiza merikebu za Unguja. Kilikuwa zaidi cha fahari kuliko cha vita, na mizinga yake midogo ilikuwa imepitwa na wakati. Ndilo lililokuwa jeshi zima la majini la Sultani.

Siku ile ya tarehe 25 bandarini zilikuwapo manowari za Kiingereza Philomel, Thrush na Sparrow. Kesho yake zikaongezeka Racoon na St George, manowari kubwa ya Admirali Harry Rawson. Sasa zilikuwa tano. London ikampa Cave ruhusa ya kuchukua hatua yoyote atakayoona ni lazima. Khalid akapewa muda: bendera yake ishuke na yeye atoke kasrini kabla ya saa 3 asubuhi ya tarehe 27. Vyombo vya biashara vikaamriwa kuondoka bandarini.

Wewe fikiri usiku ule katika Mji Mkongwe. Katika vichochoro vile vyembamba, nyuma ya milango ile iliyonakshiwa, kila nyumba ilikuwa na mtu anayehesabu saa. Mama mwenye mwana aliyekwenda kasrini kwa mapenzi yake, au kwa kuwa bwana wake alimwamuru, angelala vipi?

Asubuhi Khalid alituma ujumbe wa mwisho. Alisema kwamba hana nia ya kuishusha bendera yake, na kwamba haamini kama Waingereza watampiga. Cave akajibu kwamba hapendi kupiga, lakini atapiga iwapo masharti hayatatimizwa.

Saa 3 kamili ilipolia hapakuwa na mabadiliko. Saa 3 na dakika 2 manowari Racoon, Thrush na Sparrow zikafyatua mizinga kwa pamoja. Kombora la kwanza la Thrush liliung'oa mzinga mmoja wa ufukweni. Kasri lilijengwa kwa mbao nyingi, halikuwa ngome. Kuta zake zilipokea makombora na kuangukia juu ya watu waliojificha nyuma yake, na moto ukashika. Glasgow, chombo kile cha fahari, kiliithubutu St George kwa mizinga yake midogo. Kikajibiwa. Kikazama papo hapo bandarini, na mabaharia wake wakaokolewa na mashua za Waingereza.

Saa 3 na dakika 40 hivi bendera ya kasri ilikuwa imeanguka, na mizinga ikanyamaza. Wengine husema vita vile vilichukua dakika 38, wengine 40, wengine 45. Kwa sababu hiyo vimeingizwa katika vitabu vya mambo ya ajabu kuwa ndivyo vita vifupi kuliko vyote duniani. Watu husoma habari hiyo, wakacheka, wakafunua ukurasa.

BAADA YA MOSHI

Katika dakika hizo, watu wapatao 500 wa upande wa kasri waliuawa au kujeruhiwa, wanaume na wanawake. Upande wa manowari alijeruhiwa baharia mmoja tu, aliyekuwa katika Thrush. Hapo ndipo inapoonekana tofauti niliyokuomba uikumbuke. Kule Algiers mshambulizi alilazimika kusogea na kupokea pigo kabla ya kushinda. Hapa Unguja mizinga ya manowari ilipiga karibu bila ya kupigwa. Mahali ambapo upande mmoja unaweza kuua bila kuuawa, vita huwa vifupi.

Alasiri ya siku ile ile Seyyid Hamoud aliwekwa kitini. Khalid na wafuasi wake kiasi cha 40 walikuwa wamekimbilia ubalozi wa Kijerumani. Waingereza walilizunguka jengo lile wakingoja atoke wamkamate. Wajerumani wakasubiri bamvua. Tarehe 2 Oktoba maji yalipojaa hadi penye ubalozi, mashua ya manowari yao Seeadler ikasogea, Khalid akaingia ndani yake bila kukanyaga ardhi ya Unguja, akapelekwa Dar es Salaam. Huko aliishi hadi Waingereza walipomkamata mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza. Walimpeleka uhamishoni Shelisheli na Mtakatifu Helena, kisha wakamruhusu kurudi Afrika Mashariki. Alifariki Mombasa mwaka 1927. Kwake yeye, zile dakika 38 zilichukua miaka 31.

Glasgow nayo ilizama katika maji mafupi, na milingoti yake ikabaki imesimama juu ya bahari mbele ya mji. Ilibaki hivyo hadi mwaka 1912, mabaki yalipovunjwa na kuondolewa. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa vita alifikisha miaka 16 akiiona milingoti ile kila anapokwenda ufukweni.

Admirali Rawson hakukaa kupumzika. Februari 1897, miezi sita baadaye, aliongoza kikosi kilichouteka mji wa Benin katika Afrika Magharibi, na sanamu za shaba za mji huo zikasombwa kwa mamia. Madai ya kuzirudisha yanaendelea hadi katika karne yetu hii.

Na utumwa? Waingereza waliutaja sana kuwa sababu ya kuwamo kwao katika mambo ya Unguja. Aprili 1897 Sultani Hamoud alitia saini amri ya kuuondolea utumwa nguvu ya sheria. Amri ile haikuwa kama wengi wanavyodhani. Mtumwa hakuamka asubuhi akiwa huru. Ilimbidi aende mahakamani mwenyewe kuomba uhuru wake, na bwana wake ndiye aliyelipwa fidia. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909.

NANI ANAYEHESABIWA?

Ndugu msomaji, turudi kwenye swali letu la mwanzo. Katika bandari zote tatu, saa ilikuwa mikononi mwa wenye mizinga, na daftari la kuwahesabu wafu lilikuwa mikononi mwao pia. Wa kwao walihesabiwa hadi mtu wa mwisho: 128 kule Algiers, mmoja aliyejeruhiwa hapa Unguja. Wa upande wa pili walihesabiwa kwa mafungu, kama mahindi: mia kadhaa, elfu kadhaa, wapatao, kiasi cha. Na mtumwa wa Ile de France hakuhesabiwa kabisa, isipokuwa katika orodha ya mali.

Wahenga walisema, wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Haitupasi kumfanya Khalid malaika kwa kuwa alipigwa na wageni. Naye alitaka kiti cha enzi, na kiti kile kilikalishwa juu ya migongo ya watumwa, wengine wakiwa ndio waliosimamishwa kumlinda. Vilevile haitupasi kuwafanya Waingereza wakombozi kwa kuwa amri ya mwaka 1897 ilikuja baada yao. Kati ya hao wawili walikuwapo watu mia tano. Hao hawakuulizwa nani awe Sultani, na vita vyao havikuwa vifupi. Aliyekatwa mguu asubuhi ile aliishi bila mguu siku zote zilizobaki. Mjane aliyeachwa na watoto aliwalea peke yake kwa miaka, wala hakuna aliyeandika kwamba vita vyake vilikwisha saa 3 na dakika 40.

Leo ufukwe ule uko wazi kwa kila mtu. Barabara inayopita mbele ya kasri inaitwa Mizingani. Beit al-Ajaib, lililonusurika makombora yale, liliangukiwa na sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, si kwa mizinga bali kwa uchakavu. Jioni, katika bustani ya Forodhani, wauzaji huwasha taa zao, moshi wa mishikaki hupanda, familia hukaa ukingoni na vijana hujirusha majini kwa mbwembwe, watazamaji wakishangilia. Maji wanamorukia ndiyo yaliyokuwa yamejaa moshi asubuhi ile.

Mzazi, ukijaliwa kufika hapo na wanao, wanunulie maji ya miwa, wakae watulie. Kisha waonyeshe bahari ilipo, uwaambie kwamba milingoti ya Glasgow ilisimama pale kwa miaka 16. Wakisikia shuleni au kwa rafiki zao kwamba kwetu ndiko kulikopiganwa vita vifupi kuliko vyote duniani, usiwakataze kulistaajabia jambo hilo, kwani dakika zile zilipimwa sawasawa. Waambie tu waulize swali moja zaidi: saa iliyozipima ilikuwa ya nani?

Na tarehe 27 Agosti itakapofika tena, msomaji, hata kama kalenda yako haina alama, chukua kalamu uitie nukta ndogo, kwa ajili ya wale watu mia tano.